Gundi Nyeusi Kwenye Mashua ya Baba Yako

Kwa mwanangu Saidi,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Uko nyumba ya nne kutoka hapa, kwa baba yako mkubwa, na upepo ukigeuka nakisikia kikohozi chako. Yangu nayo unaijua: nimo ndani ya eda, sitoki, na mashua ya baba yako imo ndani ya ua pamoja nami. Kesho asubuhi unaondoka Kivinje kwenda Dar es Salaam. Wenzangu huwasindikiza watoto wao mpaka kwenye gari. Mimi siwezi, ndiyo maana naandika.

Nimeanza baada ya adhuhuri. Bi Zaina ndiye atakayekuletea. Nitaifunga kwa uzi mweupe. Ukiukuta umekatwa, ujue huyo jirani yetu ameshasoma, na usijisumbue kumweleza kilichomo.

Mambo ya kula, kulala na kuchagua marafiki sitayaandika. Mke wa baba yako mdogo huko Dar atakuambia hayo kila siku mpaka uchoke. Shati lako la bluu lina alama nyeusi chini ya mfuko. Ni pasi. Sababu yake utaiona mbele.

Nataka kujibu neno uliloniambia siku ya mazishi. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini, wanawake wamejaa mkekani. Ulisimama mlangoni, ukasema: "Mama, gundi niliileta mimi."

Sikukujibu. Nilikuambia uwapelekee wageni maji. Uliwapelekea, ukarudisha kata mahali pake, na jioni ile ukahamia kwa baba yako mkubwa. Tangu hapo tunazungumza kupitia watu: chumvi, sabuni, ufunguo wa sanduku. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kusema, na nilishazoea kutosema kabla sijaona. Lakini ningeweza kusema hivyo hivyo, kwamba sijui bado. Mtu akikuuliza jambo zito, hata "sijui bado" ni jibu. Kumtuma maji si jibu. Hilo nimejifunza kwako, nimechelewa.

Sasa nimeona. Nitakueleza kwa mpangilio.

Baba yako alizaliwa Kikole, kwenye mikorosho. Bahari aliianza ukubwani. Biashara ilipofunguliwa na maduka ya hapa yakajaa sukari, sabuni na mitumba, wafanyabiashara wakataka vyombo vya kupeleka bidhaa Songo Songo, naye akamwachia ndugu yake shamba, akanunua mashua. Alijifunza upepo, alijifunza maji kujaa na kupwa, alijifunza mkondo ulivyo. Kuogelea alijua kidogo tu, kiasi cha kuvuka shimo la mtoni. Jambo moja tu la mashua hakulizoea: mishono kati ya mbao.

Wewe umekua hapa, unaona ni kawaida. Mashua ikikaa nchi kavu, mbao zinasinyaa na mishono inaachia. Ikirudi majini, mbao zinavimba, mishono inafunga. Kila ikipandishwa, fundi anatoa pamba kuukuu, anapachika mpya iliyolowa mafuta, ndiko kukalafati, na chini anasiliba deheni ya chokaa na shahamu. Kisha baada ya miezi anarudia. Baba yako alitoka kwenye nyumba za udongo. Huko ufa ukiuona, unauziba, na ukiuziba vizuri hauna haja ya kurudia. Miaka yote aliyokuwa na mashua ile aliiona kama nyumba ya mtu mvivu.

Kwa hiyo uliporudi kutoka dukani kwa baba yako mdogo na lile boksi la gundi nyeusi ya mirija, hukumletea kitu asichokitaka. Aliagiza yeye. Baba yako mdogo alisema wenye boti za faiba wanaigombania, nayo ni kweli, wanaigombania. Ukaileta. Nami nikakaa kwenye kizingiti nikausoma mrija, kwa sababu Kiingereza changu ndicho kilichokuwa kirefu kuliko chenu. Yaliandikwa maneno machache: mahali pa kupaka pawe safi, pasiwe na mafuta, pawe pakavu kabisa. Nilisoma sawasawa. Hakuna neno nililokosea.

Tukafuata. Mlikwangua mafuta ya miaka yote, mkaosha kwa magadi, mkaiacha mashua juani kaskazi nzima ili ikauke kabisa. Ikakauka. Mishono ikawa mipana kiasi cha kupitisha kidole changu cha mwisho, na mimi ndiye niliyewaambia ngojeni kidogo, bado kuna unyevu. Kisha mkajaza. Sikuwahi kuona kazi safi kama ile. Fundi Bakari, aliyezikalafati nusu ya mashua za Kivinje, alikuja kutazama, akapitisha kidole kwenye mshono, akasema, "Hii kazi ya kiwandani hii." Akaomba mirija iliyobaki akatie kwenye yake. Baba yako alitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Mashua ikashuka majini. Safari ya kwanza ilirudi kavu, hakuna hata kikombe cha kuchota. Iliyofuata hakurudi. Alikuwa peke yake, na wewe ulikuwa hapa kwa sababu mimi nilikutuma Nangurukuru kupeleka bahasha ya habari zangu za gazeti kwa dereva wa basi la Dar. Maiti ilionekana kwenye mikoko, mashua ikaonekana imelala kwa ubavu si mbali na hapo, mzigo hakuna. Hayo ndiyo yanayojulikana. Saa gani maji yaliingia, aliita au hakuita, hayajulikani na hayatajulikana. Nakuomba usiyatunge. Nimejaribu kuyatunga mimi, kila mara yanakuja tofauti.

Watu wa pwani wakaanza kusema alizidisha mzigo. Umelisikia neno hilo, ninajua, kwa maana hata mimi nililisikia humu ndani. Lilinishika mahali fulani kwa sababu nililiandika mwenyewe zamani, juu ya mtu mwingine. Ulikuwa bado shule ya msingi. Chombo kilizama upande wa visiwani, nikatuma habari gazetini kwamba nahodha alizidisha mzigo. Niliambiwa na watu bandarini, wala sikwenda kukitazama chombo, ingawa kilivutwa mpaka ufukweni. Miezi ikapita, mke wa nahodha yule akaja kwangu. Hakugomba. Alikaa, akauliza, "Dada, magunia uliyahesabu wewe?" Nikasema hapana. Akauliza, "Basi nani aliyahesabu?" Akanywa maji, akaenda zake. Gazeti halikusahihisha kwa sababu sikuliomba lisahihishe.

Ndiyo maana wanaume walipouliza mashua ya marehemu iwekwe wapi, nilisema iingizwe uani. Waliona nimechanganyikiwa. Walibomoa upande mmoja wa ua wa makuti, wakaiegemeza kwenye magogo, wakaujenga tena ua. Mwalimu wa madrasa akaulizwa kama mwenye eda anaweza kushika kazi kama ile. Akajibu kwamba almuradi iko ndani ya ua na haonekani na wapita njia, haoni ubaya. Bi Zaina akasema, "Wenzio eda zao zina tasbihi, yako ina patasi." Kisha akakaa akanisaidia mpaka leo, akisema bila kupumzika.

Watu wanauliza kama nimelia. Sijalia. Chakula nakula, nikiulizwa nimekula nini sikumbuki. Naandika hivi ili usisikie kwa mtu ukadhani ni jambo la kuficha. Mikono ilitaka kazi, kazi ilikuwepo.

Gundi ile haitoki. Nakueleza kwa kirefu kwa sababu unakokwenda utasimama nyuma ya meza ya baba yako mdogo, na gundi hiyo iko rafu ya nyuma yako.

Kwanza nilijaribu petroli. Nililowesha kitambaa, nikakilaza juu ya mshono usiku kucha. Asubuhi gundi ilikuwa inang'aa, imekuwa safi zaidi, basi. Mafuta ya taa vilevile. Kitu kinachoiyeyusha ikishakauka mimi sikukipata, na kama wapo wanaokiuza sikukutana nao.

Kisha nikatumia patasi na nyundo. Hapo nilifanya kosa ambalo huwezi kulisahihisha. Niliona gundi inainuka nikafurahi, nikagonga zaidi, kikatoka kipande chenye urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko. Nilipokigeuza, nyuma yake kulikuwa na mbao. Gundi haikuachia ubao. Ubao ndio ulioachia ubao. Bi Zaina alikishika akakitazama, akasema, "Shoga, umechuna ngozi." Niliweka patasi chini siku mbili. Kile kipande ninacho, kwa sababu ndicho kilichonionyesha pa kutazama.

Kilichosaidia ni joto la wastani. Pasi ya mkaa, ile ile ya sare zako za shule. Nilikuwa nalaza ncha yake juu ya mshono, si kwa muda mrefu, mpaka gundi inalegea kama mpira wa ndara uliokaa juani. Ikizidi joto, ubao unaungua na gundi inatoa moshi mchungu. Niliunguza sehemu tatu kabla sijajua. Ikishalegea, kisu cha kukunia samaki kinaingia pembeni, kinakwenda polepole. Jioni naisugua pasi kwa mchanga. Siku niliyokunyooshea nguo za safari nilidhani imesafika. Haikusafika.

Ndani kabisa kati ya ubao na ubao, kisu hakifiki. Hapo tulitumia waya wa breki ya baiskeli, uliofumuliwa ukabaki uzi mmoja mwembamba. Unatoboa tundu kwenye mshono, unapitisha waya, unafunga kijiti kila upande. Mmoja anakaa ndani ya mashua, mwingine nje. Huyu anavuta, yule analegeza. Yule anavuta, huyu analegeza. Waya unakata gundi peke yake, ubao hauguswi. Ni kazi ya watu wawili wasioonana. Ukivuta kwa hasira unakatika. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia havina hisia tangu wiki iliyopita, sijui kama ni waya au ni mengine.

Nilipofungua ubao wa tatu kutoka chini, upande wa kushoto, nikaona ninachotaka ukijue.

Gundi haikuachia popote. Hakuna mahali hata pamoja palipopasuka. Mbao zilipovimba hazikupata pa kwenda, kwa sababu tulizijaza zikiwa zimesinyaa kupita kiasi, na kile kilichojaa hakikubali kubonyea. Zikasukumana. Misumari inayoshika ubao kwenye mataruma, zile mbavu za mashua, ndiyo iliyoshindwa. Minne iling'oka ikiwa imenyooka, na mwisho wa ubao ukafunguka kama mlango. Kuzidisha mzigo hakung'oi misumari namna hiyo. Kunaizamisha mashua ikiwa nzima. Fundi Bakari alikuja akatia vidole kwenye matundu ya misumari, akaniuliza nimetoaje gundi. Mashua yake, yenye gundi ile ile, bado haijashuka majini. Pasi nimemwazima.

Hilo la mzigo, basi, limekwisha. Nimeliandika, nimelipeleka gazetini, na yeyote atakayelisema mbele yako mwambie misumari ipo kwa mama, aje aitazame.

Sasa neno lako. "Gundi niliileta mimi." Ndiyo, uliileta wewe. Sitakuambia si kweli. Umri wako si wa kudanganywa, na mimi kazi yangu si hiyo. Wewe uliileta. Baba yako mdogo aliiuza. Baba yako aliiagiza, akaipaka, akaisifu. Fundi aliisifu. Mimi niliusoma mrija, nikawaambia ngojeni ikauke zaidi. Kama kuna aliyeongeza upana wa ile mishono kwa mdomo wake, ni mimi. Hakuna kati yetu aliyejua, na hakuna kati yetu aliyefanya kazi hovyo. Laiti tungeifanya hovyo, ingevuja safari ya kwanza, tukacheka.

Ukijitwika yote peke yako, unamfanya baba yako kuwa mtu aliyetendwa na mtoto wake. Hakuwa hivyo. Alikuwa mtu mzima mwenye chombo chake, aliyetaka jambo moja lifanyike likaisha. Mwachie hilo. Na mimi niachie langu, kwa sababu nikikosa hata hilo sijui nitabaki na nini humu ndani.

Dukani utaiuza gundi ile. Sikukatazi. Kwenye faiba na kwenye bati inafanya kazi yake. Lakini mtu akija kuiulizia, muulize chombo chake ni cha nini, na kama huwa anakipandisha nchi kavu. Akisema ni mbao, mwambie akanunue pamba. Baba yako mdogo atanung'unika. Mwache anung'unike, ndugu yake alikuwa mteja.

Limebaki moja, la juzi.

Juzi alasiri tulibakiwa na mshono mmoja, mrefu, ule unaopita karibu na mkuku, uti wa chini wa mashua. Mimi nilikuwa ndani ya mashua nimechuchumaa, Bi Zaina nje. Akasema anakwenda kuswali, nisivute mpaka arudi. Nikaegemea taruma nikangoja. Kisha kijiti kikatembea mkononi mwangu. Nikadhani amewahi kurudi. Nikavuta, ukalegezwa; nikalegeza, ukavutwa. Lakini hakukuwa na maneno, na Bi Zaina hajawahi kuvuta waya bila kunieleza habari za wakwe zake. Na waya ulikuwa ukija kwa upande wa kushoto, kama wewe mwenye shoto unavyovuta kamba ya kisima tangu ukiwa mdogo, umeizungusha mara mbili kwenye kiganja.

Sikusimama. Ningesimama ningekuona, na wewe ungeniona. Tulivuta mpaka nusu ya mshono, tukavuta mpaka robo tatu. Mahali penye fundo la mti waya ukakwama, nikahisi unataka kuvuta kwa nguvu, kisha ukaacha, ukarudi taratibu. Hakuna aliyekufundisha hilo. Karibu na mwisho ulikohoa.

Gundi ya mwisho ilianguka chini upande wako. Nilisikia ukiiokota. Bi Zaina aliporudi alikuta kijiti kimewekwa juu ya gogo, waya umezungushwa vizuri. Lazima mlikutana mlangoni, naye hakusema neno mpaka leo. Kama ungejua ilivyomgharimu.

Hukujua kwamba nimekujua, au labda ulijua. Sasa umeandikiwa.

Mashua ni safi. Mishono yote iko wazi, mwanga unapita. Fundi Bakari atapiga ubao mpya nilipoharibu, atatia pamba, na kusi itakapotulia itashuka. Nani ataiendesha sijui bado. Hilo nalo ni jibu.

Kesho kabla ya gari utapita nyuma ya ua, hakuna njia nyingine. Mlango utakuwa wazi ukitaka kuingia. Ukiona huwezi, sitakulaumu. Pitisha mkono kwenye makuti, ubavu wa mashua uko hapo hapo, ugonge mara moja kama mafundi wanavyougonga ubao kusikiliza kama ni mzima. Nitakuwa nimekaa ndani yake. Nitagonga na mimi.

Ni mimi,
mama yako